Kamba za Punta Arenas

Saa nane za usiku. Upepo unapiga bati
kama mtu anayedai deni,
na mwanangu Yerko, miaka kumi na mitano,
anacheka na watu nisiowajua.
Mwanga chini ya mlango wake
ni wa buluu, mwembamba kama uzi.
Nimesimama na soksi kwenye sakafu baridi,
mkono juu, tayari kugonga.
Sikugonga.

Dada yangu Zdenka hufika Jumapili
na keki ya tufaha na methali yake:
samaki mkunje angali mbichi.
Dada, mimi ndiye ninayeshinda na samaki,
masaa tisa kwa siku, glavu mbilimbili,
nikiwatoa kwenye barafu wagumu kama kuni.
Aliyeganda hakunjwi.
Ukimlazimisha anavunjika mgongo,
unabaki na vipande viwili na lawama.
Aliyeganda huwekwa karibu na joto,
akaachwa.

Nami nimewahi kulazimisha, nisijitie utakatifu.
Ilikuwa Juni, mwalimu wa hesabu alipopiga simu:
"Analala darasani, bwana. Anakoroma."
Nikachomoa kisanduku cha intaneti, nikakifungia garini.
Nilijiandaa kwa kelele.
Yerko aliketi kitandani akatazama ukuta
siku tatu,
akila akiambiwa kula.
Siku ya nne nilikirudisha mwenyewe.
Nilitafuta neno la baba, sikuliona,
nikasema, "Nyaya zilikuwa na vumbi."

Mama yake yuko Antofagasta. Ana nyumba nyingine.

Ndoo tupu ya rangi niliigeuza kiti,
nikakaa nyuma yake jioni moja,
nikauliza swali la kipumbavu: "Wewe ni yupi?"
Akanyoosha kidole bila kugeuka:
yule mfupi mwenye ngao,
anayetangulia ili wenzake wapigwe kidogo.
"Na huyu?"
"Ligaya, wa Manila. Kwake kumekucha, tena ni kesho."
"Na huyu asiyesema?"
"Baba yake anaumwa. Tunamwacha asiseme."
Nikanyamaza juu ya ndoo yangu.
Tunamwacha asiseme.
Hilo nani alimfundisha? Si mimi.

Mechi haisimamishwi, hilo nimejifunza.
Kumwita mezani katikati ya vita
ni kumwita golikipa mpira ukiwa kwenye nukta ya penalti.
Basi tunapatana: mbili, kisha supu.
Saa tano, kisha kulala.
Hudanganya. Mbili huzaa ya tatu.
Jana zilikuwa nne, nikapandisha sauti,
mlango ukabamizwa,
supu ikapoa na utando wake juu.
Sina dawa. Nina ndoo.

Upepo ukichachamaa mjini kwetu
manispaa hufunga kamba kwenye kona za barabara
ili watu washike wasipeperushwe.
Kamba haimvuti mtu. Haimfokei,
haimuulizi ametoka wapi saa hizi.
Hutikisika tu palepale,
imekazwa ncha zote mbili.
Miaka yote hii nimepita kando yake
nikidhani ni ya wazee.

Leo alitoka nami kununua mkate.
Kofia hadi machoni, hasemi.
Kwenye kona ya benki tukapigwa ubavuni,
akadaka kamba kwa mkono mmoja
na kwa wa pili, bila kunitazama,
akadaka koti langu.
"Shika na wewe, baba," akasema,
"unaning'ang'ania mkate tu."

Kweli nilikuwa nimeukumbatia.
Ulifika nyumbani umebonyea kama kofia ya zamani.
Tuliula hivyohivyo, kwa siagi,
yeye kwenye kiti chake, mimi kwenye ndoo,
makombo yakidondokea vitufe,
Ligaya akiuliza kutoka kesho yake
ni nani huyo anayetafuna.